Mjomba wa Marie-Josèphe

Mwanamke ambaye mtaa mzima wa Ndosho, mjini Goma, unamwita Mama Mapasa, yaani mama wa mapacha, alizaa mtoto mmoja tu. Jina lake ni Perpétue. Habari ya huyo mtoto mmoja aliijua yeye, na Mungu, na mlima wa moto wa Nyiragongo, ambao una mdomo mpana lakini haujui umbea.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Aliyesema hivyo hakumjua Perpétue. Njia yake ilikuwa imefika miaka ishirini na minne, mwenyewe akiitembea kichwa juu na kitenge safi, na angekwenda nayo hadi kaburini kama asingekutana na binti mmoja wa Amerika aliyekufa zamani sana, kabla babu za babu zetu hawajazaliwa.

Walikutana kazini. Perpétue alikuwa sekretari wa parokia kwa miaka mingi, na macho yake yalizoea mwandiko wa mapadri wa kale, ule uliolala upande mmoja kama maharage yaliyopigwa na mvua. Alipoacha parokia, Papa Télesphore alimchukua katika biro yake, ofisi ndogo ya Mabanga, chumba kimoja chenye mashine tatu za kompyuta na betri kubwa ya kusaidia umeme ukikatika. Télesphore alikuwa amegundua jambo ambalo hata mke wake hakuliamini mwanzoni. Kuna Waamerika wanaotafuta mababu zao walioishi wakati nchi yao ilikuwa bado koloni, na baadhi ya mababu hao walikaa vijiji vya Wafaransa kando ya mto Mississippi, ambako mapadri waliandika kila kitu kwa Kifaransa. Wajukuu hawakijui Kifaransa. Goma tunakijua. Basi picha za kurasa zile zinavuka bahari, zinatua Mabanga, na mama mmoja wa Ndosho anamweleza Mwamerika nyanya yake alikuwa nani.

Mwezi ule kazi ilikuwa ya Mama Lorraine, wa Missouri, mwenye miaka themanini na mitatu. Miaka thelathini alikuwa akitafuta wazazi wa mtu mmoja tu, Marie-Josèphe, mama aliyeanzisha ukoo wao. Katika orodha ya wakaaji wa kijiji ya mwaka 1752 iliandikwa hivi: Antoine Gaudry, mkulima, Geneviève, mke wake, watoto, Pierre, miaka saba, na Marie-Josèphe, miaka saba. Ubatizo wa Pierre ulikuwepo katika rejista, mwaka 1745. Ubatizo wa Marie-Josèphe haukuwepo. Watafiti watatu walikuwa wameshalipwa kwa zamu, na wote watatu wakaandika maneno yale yale: ni mapacha, padri alisahau kumwandika msichana, au ukurasa umepotea. Mama Lorraine hakuwaamini, maskini, ila hakujua kwa nini.

"Mama Mapasa, andika tu vile benzako baliandika," Télesphore alimwambia. "Batu batatu ba masomo banasema ni mapasa. Wewe utabapinga na nini?"

"Padri anaweza kusahau jina ya baba," Perpétue alijibu bila kuinua macho. "Mapasa, hapana. Mapasa banabatizwa mbio, juu banaogopa moya atakufa. Na kurasa haziko zenye zilipotea. Padri alizipatia numéro mwenyewe, ya kwanza mpaka ya mwisho. Zote ziko hapa."

"Basi ule mutoto alitoka wapi?"

"Njo natafuta."

Hakumweleza yote. Mtu yeyote akisoma orodha yenye watoto wawili wa umri mmoja chini ya mama mmoja, anaona mapacha. Perpétue alipoisoma aliona zaidi ya hapo, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuandikisha orodha kama ile.

Ilikuwa Januari 2002, lava ya Nyiragongo iliposhuka ikapita katikati ya mji. Perpétue alikuwa na Moïse mgongoni, mtoto wa miezi miwili. Mume wake, Habarurema, alikuwa Walikale kikazi tangu kabla mtoto hajazaliwa. Akafuata umati unaovuka mpaka kwenda Rwanda, na njiani akajikuta anatembea sambamba na mwanamke asiyemjua, Mwislamu, wa familia ya wafanyabiashara waliotoka Maniema zamani. Naye alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, wa kike. Mama aliitwa Nasiba, mtoto Ramla. Kambini walilala chini ya shitingi moja, lile turubai la msaada, na uji wakagawana kwa kikombe kimoja. Siku ya tano Nasiba akasema anarudi mjini mara moja kuangalia kama nyumba imepona.

"Unishikie mutoto," alisema. "Nakuya sasa hivi."

Siku hiyo hiyo watu walikuwa wakichota mafuta kwenye kituo kimoja mjini, na moto wa lava ukayafikia. Waliokufa walikuwa wengi, na wengi wao hawakutambulika. Nasiba hakurudi.

Perpétue alimpa Ramla titi la pili. Waandikaji wa kambi walipofika na karatasi zao wakauliza watoto wangapi, akasema wawili. Wakauliza kama ni mapasa, akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa watoto wasio na wazazi walikuwa wanapakiwa kwenye gari na kupelekwa mahali ambapo yeye hakupajua. Mpaka hapo hakuna mwenye haki ya kumlaumu, na anayetaka kumlaumu akalale kwanza chini ya shitingi na watoto wawili wanaolia. Pa kulaumiwa ni siku ya tisa. Mwanaume mmoja alipita kati ya mahema ameshika megafoni, sauti imekauka. Alisema: "Natafuta dada yangu, Nasiba, binti ya Chabani. Iko na mutoto, Ramla. Mimi ni Mahamudi, kaka yake, shofere wa Rutshuru." Alisimama hatua tatu kutoka alipokaa Perpétue. Perpétue akavuta kitenge, akafunika kichwa cha Ramla aliyekuwa akinyonya, akanyamaza. Alikuwa ameshampenda. Hiyo si haki, lakini ndiyo kweli yenyewe.

Mengine yalifuatana kama kawaida ya uongo, ambao haupendi kukaa peke yake. Ramla akapewa jina la Joyeuse. Habarurema akarudi, akakuta wawili badala ya mmoja, akachinja mbuzi kwa furaha, na akafa miaka kumi na nane baadaye akijiita baba wa mapasa. Hayo yote yalikuwa Ndosho, walikohamia baada ya lava, kwa majirani wapya wasiojua tumbo la mtu lilikuwa na ukubwa gani. Na kwa kuwa lava ilikuwa imekula rejista zote za parokia, ni Perpétue aliyekalishwa mezani na daftari jipya kuandika upya ubatizo wa watu, wao wakitaja kwa mdomo na yeye akiandika. Zamu yake ilipofika alijitajia mwenyewe, akajiandikia mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri: Moïse na Joyeuse, mapacha. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo aliifanya mto wa kulalia kila siku ya maisha yake.

Sasa Joyeuse alikuwa mshonaji mwenye cherehani yake na wateja wake, na alikuwa amepata mchumba, Damien, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana wa familia ya Masisi. Siku ya familia mbili kujitambulisha ilikuwa imepangwa, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Muzee Baharanyi, baba mkubwa wa Damien, alikuja mapema kupanga nani atakaa wapi, maana yeye ni mtu wa kupanga viti kabla ya kupanga maneno.

"Kiti ya mujomba atakaa nani?" aliuliza.

Kwa watu wa Damien, kiti hicho hakina mchezo. Kaka wa mama wa binti ndiye anayesema kwanza. Yeye ndiye anayesimama mbele ya wageni na kusema, huyu binti tunajua ametoka tumbo gani. Asiposema, hakuna ndoa, hata kama baba amekuja na kwaya.

"Rodrigue," alijibu Perpétue. "Kaka yangu."

"Muzuri." Muzee Baharanyi alipokea chai kutoka kwa Joyeuse, akamtazama, kisha akatazama picha ya Moïse, aliyekuwa mbali kikazi, ukutani. "Lakini nyinyi mapasa munanishangaza. Wewe na Moïse muko sawa ndizi na kiazi."

Watu walicheka, na Joyeuse akacheka kuliko wote, kwa sababu utani huo alikua nao. Perpétue aliinama kuokota kijiko ambacho hakikuwa kimeanguka. Kwa mara ya kwanza uongo wake ulikuwa unatafutiwa kiti, na kiti hicho kilikuwa cha mtu mwingine. Aliogopa. Aliogopa kumpoteza Joyeuse, si zaidi ya hapo, na hofu hiyo ilikuwa imemtawala tangu siku ya megafoni.

Kesho yake akiwa biro alifungua ukurasa ambao wale watafiti watatu waliusoma na kuuacha: ndoa ya Marie-Josèphe, mwaka 1763. Padri alitaja mashahidi upande wa bibi arusi. Wa kwanza, Antoine Gaudry. Wa pili, Louis Lacasse, mjomba wa bibi arusi.

Perpétue aliondoa mikono kwenye mashine. Wale watatu walimpita mtu huyu bila kumsalimu. Pengine kwao mjomba ni mtu wa kutumiwa kadi ya Noeli. Lakini Perpétue alikuwa ametoka jana tu kuulizwa kiti cha mjomba, na alijua kwamba mjomba haji kwenye arusi kwa bahati, akipita njiani. Anaitwa. Na Geneviève, mke wa Gaudry, alizaliwa katika ukoo wa Rivard. Katika rejista yote hakuwa na kaka hata mmoja. Gaudry alitoka Kanada peke yake. Sasa huyu Lacasse alikuwa kaka wa nani?

"Papa Télesphore," alisema, "unipatie siku ine."

"Siku ine za nini? Kazi imekwisha."

"Haiyaisha. Njo inaanza."

Télesphore alinung'unika, kama anavyonung'unika kwa kila kitu, kisha akamwachia mashine iliyo bora. Perpétue alitafuta Lacasse katika ubatizo wa miaka yote. Hayupo. Akatafuta katika ndoa. Hayupo. Umeme ulikatika, akasoma kwa betri. Betri ikachoka, akangoja. Mtandao ukapotea siku nzima, akasoma picha alizokuwa amezihifadhi tayari. Jumapili alikwenda misa ya kwanza akarudi mezani. Macho yalimuuma na hakuacha. Kama ni ukaidi, basi ulikuwa ukaidi wenye faida, kwa sababu siku ya nne alijiuliza swali ambalo msomi yeyote wa chuo asingejiuliza. Alijiuliza: mtu akitaka kumpata Ramla leo, aanzie wapi? Akiangalia waliozaliwa hatamwona, nimemfunika mimi. Lazima aanze na waliokufa.

Akafungua rejista ya mazishi ya mwaka 1745. Ukurasa wa nne, mwandiko wa padri yule yule:

Leo amezikwa Marguerite Lacasse, mjane, aliyefariki akijifungua. Mtoto wake wa kike alibatizwa nyumbani na mkunga, na kuitwa Marie-Josèphe. Mke wa Gaudry, ambaye ananyonyesha, amemchukua. Kaka wa marehemu yuko safarini mtoni, atapelekewa habari.

Alisoma mara tatu. Ubatizo ule haukupotea, uliandikwa tu ndani ya kaburi la mama, na hakuna aliyefikiria kuutafuta kule. Télesphore alipiga makofi, akampigia simu mke wake, akasema biro yake imeshinda wasomi watatu. Perpétue alikuwa analia. Alilia juu ya neno moja, ananyonyesha, kisha akalia juu ya maneno mawili ya mwisho, atapelekewa habari.

Habari ilitumwa Missouri, na jibu la Mama Lorraine lilifika kabla ya jua kuzama. Télesphore alilisoma kwa sauti, akigeuza maneno polepole: "Miaka thelathini nimemshukuru mwanamke asiye na jina. Asubuhi hii nimelitaja, jikoni, peke yangu. Marguerite. Mwambie huyo mama wa Goma kwamba nimelitaja."

Perpétue alivaa viatu vyake. Yeye na Geneviève Gaudry walifanya kitu kimoja, titi moja la ziada, orodha moja yenye watoto wawili wa umri mmoja. Walitofautiana mahali pamoja tu. Geneviève alimpelekea mjomba habari, na miaka kumi na minane baadaye mjomba akasimama kwenye arusi, na kwa sababu alisimama, Marguerite hakupotea. Na mimi, alijiuliza, mjukuu wa Joyeuse akitafuta siku moja, atakuta nini? Atakuta mwandiko wangu mzuri. La kuvunda halina ubani. Akatoka biro akiwa ameamua.

Joyeuse alikuwa kwenye cherehani, akimalizia nguo ya Jumamosi. Perpétue hakukaa. Alimweleza yote akiwa amesimama, kuanzia shitingi mpaka rejista, bila kujipunguzia hata neno moja. Cherehani ilinyamaza mapema sana katika maelezo hayo.

"Ule mujomba," Joyeuse aliuliza mwishoni, "alinitafuta?"

Hilo ndilo swali ambalo Perpétue aliliogopa miaka yote. Angeweza kusema hapana. Hakukuwa na shahidi.

"Alikutafuta. Alisimama mbele yangu, na jina yako alitaja. Nilinyamaza."

"Juu ya nini unaniambia leo?"

"Juu Jumamosi batauliza mujomba ni nani. Siwezi kuweka Rodrigue pale. Ile kiti iko na mwenyewe."

"Na kama bale ba Damien banakataa?"

"Bakatae uongo yangu. Wewe huna kosa."

"Hujue kama batatenganisha uongo yako na mimi," Joyeuse alisema. Alichukua mkasi, akakata uzi, akakunja nguo. Hakulia. Alikuwa amefundishwa kutolia mbele ya watu, na aliyemfundisha ni huyu aliyesimama mbele yake. "Uende. Ufunge mulango."

Siku hiyo alihamia kwa rafiki yake, na neno mama halikutoka tena kinywani mwake.

Perpétue hakumfuata kumbembeleza. Alikwenda kwa padri, akaungama, kisha akaomba kitu ambacho padri hakukitegemea, aandike mwenyewe masahihisho pembeni mwa ukurasa wake wa zamani. Padri alifikiri, akamletea rejista, akaweka saini chini yake. Akamwendea Rodrigue, akamwambia kiti si chake, na akamtuma kwa Muzee Baharanyi akamweleze kila kitu. Rodrigue alirudi na jibu fupi: Muzee amesikia, atakuja Jumamosi. Hakusema atakuja kufanya nini. Kwa majirani Perpétue alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba wasimwite tena Mama Mapasa, wamwite Mama Moïse. Wapo waliomhurumia. Wapo pia waliokula mbuzi wa Habarurema mwaka ule mpaka mifupa, na sasa wakajifanya kwamba siku zote walikuwa na mashaka.

Siku ya Alhamisi alikwenda Rutshuru. Alishukia penye malori, akauliza mashofere wazee kama wanamjua Mahamudi wa Chabani. Mmoja wao, Djibril, mwenye ndevu nyeupe, alimtazama kwa muda.

"Mahamudi mwenye alitafutaka dada yake na megafoni?"

"Njo yeye," alisema Perpétue.

Mahamudi alikuwa ameacha usukani kwa sababu ya mguu mbovu. Alikuwa anauza vipuri mbele ya nyumba yake. Perpétue alikataa kiti alichopewa. Alimweleza akiwa amesimama, kama alivyomweleza Joyeuse. Mzee yule alishika chujio la mafuta mkononi muda wote, akiligeuzageuza, na alipomaliza kusikia aliliweka chini taratibu mahali pake.

"Kila Ramadhani," alisema, "napatia imamu majina mbili, abasomee dua. Nasiba, Ramla. Miaka makumi mbili na ine. Mwaka yenye inakuya nitapeana moya."

Akamtazama Perpétue usoni.

"Siku ile, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Nilipita mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Mara tatu," alisema Mahamudi. "Ya tatu sauti ilikuwa imeisha." Akageuza uso kutazama barabara. Hakumtukana, na hakumsamehe pia. Alimwacha asimame pale mpaka miguu ikamuuma. Ndipo akauliza: "Jumamosi ni saa ngapi?"

Siku ya Jumamosi ua wa Ndosho ulifagiliwa mpaka mawe meusi yakang'aa. Joyeuse alikuwa amerudi asubuhi na nguo yake, akapita karibu na Perpétue akiangalia mbele, akaingia chumbani. Desturi inataka binti asionekane mpaka aitwe, kwa hiyo pazia liliteremshwa mlangoni. Upande wa Damien walifika kumi na wawili. Viti vilijaa haraka, kwa kuwa majirani nao walikuja wengi kuliko walioalikwa. Habari ilikuwa imetembea. Perpétue hakujiona na haki ya kukaa mbele. Alisimama kando ya ukuta wa jiko, mikono ndani ya kitenge.

Mahamudi alifika wa mwisho, kanzu safi na kofia, akiegemea fimbo. Alisimama kwenye kiingilio cha ua. Hakuna aliyemjua, na walioanza kukisia hawakujua wafanye nini.

Muzee Baharanyi alisimama.

"Tumekuya kupiga hodi," alisema. "Lakini kwanza, kama vile tunafanyaka siku zote. Mujomba ya huyu binti ni nani?"

Rodrigue, aliyekuwa amekalia kile kiti kwa mazoea kabla hajakumbuka, aliinamisha kichwa.

"Ni mimi," alisema Mahamudi kutoka kwenye kiingilio. "Mahamudi, mutoto ya Chabani. Tumbo yenye ilimuzaa ni ya dada yangu, Nasiba. Alikufa mwaka ya lava. Huyu binti tunajua pahali anatoka."

Muzee Baharanyi alimtazama, akamtazama Perpétue pale ukutani, akarudisha macho kwa mzee mwenye fimbo. Damien aliyekuwa nyuma yake alishikilia magoti yake kwa mikono miwili.

"Nimefanya ndoa mingi," alisema Muzee Baharanyi. "Nimedanganywa mara mingi. Mama mwenye anatuma mutu kunieleza uongo yake mbele sijauliza, ni huyu wa kwanza." Alisafisha koo. "Jina ya Nasiba nimeisikia. Mutaiandika kwa karatasi ya ndoa. Tuendelee."

Watu walishusha pumzi. Lakini Mahamudi alikuwa bado amesimama kwa mguu mmoja na fimbo, Rodrigue hajui kama ainuke au ajifiche, wageni wanatazamana, na Perpétue, ambaye kwa miaka yote ndiye aliyejua kila kiti cha nyumba ile kiko wapi, hakuthubutu kuondoka ukutani. Alihisi kwamba hata kugusa kiti siku hiyo kulihitaji ruhusa ya mtu.

Pazia la mlango lilisogea kidogo. Joyeuse hakutokea, desturi haikumruhusu. Ilitoka sauti yake tu, ile ya kila siku, ya mtu anayeona kazi ya nyumbani imesahaulika.

"Mama Mapasa," alisema, "mujomba hajapata kiti."

Perpétue akaenda kuleta kiti.